Lugha za Njiani Kwenda Shule

Mtu aliyezaliwa Tanga, akalelewa baina ya minazi na mikoko, aghalabu huidhania bara kuwa ni nchi moja yenye watu wa namna moja, hata siku atakapoivuka mbuga ya Bahi, akaupanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa njia ya Kintinku, akafika Manyoni na kuuona uwanda mkavu, ulioinuka, wenye upepo usiochoka, ambao kila kipande chake kina watu wake, mazao yake na lugha yake. Mimi niliuvuka mwishoni mwa mwezi wa Mei, wakati ambao alizeti za Singida zimekwisha kuupita ujana wao, vichwa vimeinama, majani yamekauka, na mbegu zinangoja fimbo ya mpuraji. Wenyeji waliniambia kwa masikitiko kuwa nimechelewa, kwamba laiti ningalitangulia kidogo ningaliikuta nchi imevaa manjano kutoka barabarani hata upeo wa macho. Lakini mimi niliipenda hali ile ya mavuno, kwa sababu ilinionyesha watu wakiwa kazini, na nchi bila ya pambo lake.

Mji wa Singida umejengwa juu ya majabali na baina ya majabali. Mawe makubwa ya itale yamepandana kwa namna ambayo mgeni hujiuliza kwa nini hayaanguki, na mwenyeji hushangaa kuulizwa. Yako maziwa mawili ubavuni mwa mji, Singidani na Kindai, yote mawili maji yake ni ya chumvi, na heroe huja kusimama humo kwa mguu mmoja kana kwamba wamepewa zamu. Maji ya chumvi niliyoyazoea mimi huleta majahazi, mizigo, wageni na habari; haya hayaleti kitu ila ndege, na watu wa mji huyatazama jioni kwa utulivu ambao sisi wa pwani hatunao mbele ya bahari, kwani sisi kila tuitazamapo tunamngoja mtu. Nilipewa chakula cha nchi: kuku wa kienyeji, ambaye sifa yake imefika masoko yote ya Dar es Salaam, nyama yake ngumu kidogo, yenye ladha ya kiumbe aliyejitafutia riziki yake mwenyewe; ugali wa uwele, mweusi mweusi na mzito; na mlenda. Hapakuwa na nazi, wala haikutajwa. Mafuta ya alizeti ndiyo yanayoshika mahali pake, na baada ya kula mara kadhaa sikuona tena upungufu, jambo ambalo sitalisema mbele ya dada zangu.

Safari yangu ilikuwa ya kuzuru jamaa. Mke wa mpwa wangu ni Mnyisanzu kwa kabila na mwalimu kwa kazi, anafundisha madarasa ya chini katika shule moja ya msingi wilayani Mkalama, na kwa miaka mingi alikuwa akiniambia, kwa adabu ya mkwe asemaye na baba, kwamba kama nataka kujua elimu ni nini niache kusoma magazeti nikaketi nyuma ya darasa lake. Nikaenda. Njia kuu itokayo Singida kwenda Nzega imejaa malori yaendayo Rwanda, Burundi na Kongo, na pale Misigiri nilipopumzika niliwaona vijana wa kuuza vitunguu wakiwasalimu madereva kwa Kinyarwanda na Kirundi, kisha wakibishana nao bei kwa Kiswahili kilichokuwa na miujiza yote ya Bukavu ndani yake. Hakuna aliyewafundisha. Walikuwa na bidhaa mkononi, na mbele yao mtu wa nchi nyingine mwenye haja.

Kiomboi nililala kwa mzee mmoja aliyesoma kabla ya uhuru katika shule za vijijini za misheni, zile zilizoendeshwa na Walutheri kutoka Marekani, wa kanisa la Augustana, walioingia Iramba katika miaka ya 1920. Alinieleza kuwa herufi za kwanza alizijua kwa Kinyiramba, maneno ya mama yake yakiwa juu ya ubao, na kwamba Kiswahili kilimjia baadaye akiwa tayari anajua kwamba alama zile nyeupe zina sauti ndani yake. Alipokwenda shule ya mbele, kwingine, akakuta desturi ya kibao: mtoto aliyesikika akisema lugha ya kwao huvikwa kibao shingoni, naye hukipitisha kwa mwenziwe atakayemsikia akikosa vivyo hivyo, na yule atakayekuwa nacho jua likitua ndiye mwenye kula fimbo.

“Sasa mzee wangu,” nikamwuliza, “fimbo ile iliwafunza nini?”

“Ilitufunza kunyamaza,” akasema, “na kupelelezana.” Akacheka sana, akaniongezea maziwa ya mgando.

Kutoka hapo kwenda Mkalama nchi inashuka kidogo kidogo kuelekea bonde la Mto Sibiti na Ziwa Eyasi, miti ya miiba inazidi, mibuyu inajitokeza mmoja mmoja, na katika eneo hilo pana ajabu ambayo wasomi wa lugha wanaijua zaidi kuliko Watanzania. Mwaka 1963 Mmarekani Joseph Greenberg alizigawa lugha zote za Afrika katika jamaa nne kubwa. Na katika bara zima, ni katika ukanda huu tu wa Singida, Kondoa, Mbulu na Karatu ambako jamaa zote nne zimekuwa majirani wa siku nyingi. Wanyisanzu, Wanyiramba, Wanyaturu na Wasukuma ni Wabantu. Wabarbaig, wafugaji wa Kitatoga, lugha yao ni ya Kiniloti. Wairaki wa upande wa Mbulu ni Wakushi. Na Wahadzabe, wawindaji na warina asali ambao jumla yao haizidi sana watu elfu moja, wana lugha ya vidoko ambayo Greenberg aliitia katika jamaa ya nne, ingawa wanazuoni wa baadaye wamekiri kuwa haina ndugu yeyote anayejulikana duniani. Mtu wa Ulaya angaliweza kusafiri kutoka Lisbon hata Moscow asikutane na tofauti kubwa kama hii. Mtoto wa Mkalama hukutana nayo asubuhi, njiani kwenda shule: huagana na nyanya yake kwa lugha moja, hupita boma la wafugaji na kuitikia salamu kwa nyingine, huungana na wenziwe wa Kisukuma penye kisima, na akifika langoni hulazimika kuziacha zote nje na kumwamkia mwalimu kwa Kiswahili.

Darasa la mkwe wangu lilikuwa la pili, watoto wamebanana madawatini, ramani ya dunia imepakwa rangi ukutani na fundi ambaye Madagaska ilimshinda. Somo lilikuwa kusoma. Mtoto mmoja wa kiume aliandika neno kwa namna iliyonikera mimi, mtu wa Tanga, nikaona mkono wa mwalimu umekwenda begani kwake badala ya kwenda kwenye kosa. Baadaye alinifafanulia jambo ambalo sikupata kulifikiri. Lugha za hapa, Kinyiramba na Kinyaturu, zina irabu saba. Kiswahili kina tano. Mtoto aliyekua na irabu saba masikioni anapewa herufi tano, naye huhangaika kuzigawa. “Baba, huyu hakosei kwa uzembe,” akaniambia. “Anasikia zaidi ya tunavyoandika. Nikimpiga atajua kwamba masikio yake ni mabaya.” Kwa hiyo yeye humtamkisha neno la nyumbani kwanza, humwonyesha kuwa sauti ile anayo, kisha humwambia kuwa katika Kiswahili sauti hizi mbili hukaa chumba kimoja. Haya yote hayamo katika kiongozi cha mwalimu. Aliyapata kwa kuwa yeye mwenyewe alipitia hapo hapo, na kwa kuwa hakupata kusahau.

Wakati wa mapumziko watoto walinizunguka, na msichana mmoja mwenye shanga, ambaye niliambiwa ni wa Kibarbaig, akaniuliza nyumbani kwetu tunasema nini. Nikamjibu kuwa tunasema Kiswahili. Akanitazama kwa huruma, kama atazamwavyo mzee aliyechoka na safari.

“Hicho ni cha shule,” akasema. “Cha nyumbani je?”

Nikamhakikishia kuwa nyumbani kwetu, jikoni, kitandani, sokoni na msikitini, lugha ni hiyo hiyo. Wote wakacheka. Haikuwaingia akilini kwamba yuko mtu anayegombana na mkewe kwa lugha ya mitihani. Ilinibidi nimtaje marehemu bibi mzaa mama, aliyekuwa Mdigo, na kusema maneno mawili matatu ya Kidigo niliyobaki nayo, ndipo nikasadikiwa kuwa nami ni mtu mwenye kwao.

Swali la mtoto yule lilinikaa moyoni kuliko mandhari yote niliyoyaona, kwa maana lilinigeuzia mambo. Sisi wa pwani tuliingia shule na mtaji ambao hatukuuchuma. Lugha ya mwalimu ilikuwa lugha ya mama, na zile saa ambazo mwenzetu wa Mkalama alizitumia kutafuta neno, sisi tulizitumia kutafuta jibu. Kisha matokeo yalipotoka tukajiona kuwa na akili. Mkono wa Tanga umo hata katika asili ya jambo lenyewe, kwani shule ya serikali ambayo Wadachi waliifungua katika mji wetu miaka ya 1890 ndiyo iliyotoa makarani na walimu waliokwenda bara na Kiswahili chao, na hapa Mkalama yaliko magofu ya boma la Kijerumani, hapana shaka baadhi ya sauti za kwanza za serikali zilisikika kwa lafudhi ya kwetu. Hata hivyo sisemi kuwa lugha ya kigeni humdhuru mtoto kwa ugeni wake. Mtoto wa pwani akiwa na miaka mitano hupelekwa chuoni kusoma Kurani katika lugha asiyoijua hata neno, naye huibeba kwa furaha, kwa sababu ameipokea kwa taadhima, na kwa sababu hakuna maalimu aliyemwambia kuwa ili aipate hiyo ni lazima aone haya kwa ile aliyonyonya.

Sitaki pia nifahamike kuwa ninakishitaki Kiswahili. Mwalimu Nyerere alipolitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na Kiswahili kikashika nafasi ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, faida yake ilikuwa kubwa kuliko wanavyokumbuka wanaokilaumu leo. Katika dawati moja nilimwona mtoto wa Kibarbaig na mtoto wa Kinyisanzu, ambao mababu zao waliwindana kwa mikuki kwa sababu ya ng’ombe, wakigawana penseli iliyokatwa vipande viwili. Na lugha waliyogawania ni hiyo ambayo si ya mmoja wao, na kwa hiyo haikumtukuza mmoja juu ya mwingine. Insafu ya namna hii haipatikani kwa urahisi. Wenzetu wamefuata njia nyingine: Uganda tangu mwaka 2007 watoto wa madarasa matatu ya kwanza hufundishwa kwa lugha ya mahali pao, na Kenya, kwa mtaala wake ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, imelitilia nguvu jambo hilo hilo hata gredi ya tatu. Ni njia njema penye kijiji cha lugha moja. Lakini katika darasa la mkwe wangu mtu angeichagua ipi? Ukikitawaza Kinyisanzu umemfukuza Mhadzabe.

Kilichobaki basi ni jambo dogo kuliko sera, na gumu zaidi. Sera yetu ya Utamaduni ya mwaka 1997 imekwisha kutamka kuwa lugha za jamii ni hazina ya taifa, zihifadhiwe na kuandikwa; lakini sera za elimu, ile ya mwaka 2014 pamoja na toleo lake la 2023, mazungumzo yake ni ya Kiswahili na Kiingereza, na mtaala mpya ulioanza mwaka 2024 umekileta Kiingereza tangu darasa la kwanza, hata mtoto wa miaka sita anakutana na lugha mbili ngeni kwa mkupuo. Hazina imesifiwa na kufungiwa stoo. Na walimu kama mkwe wangu, ambao Mungu amewajaalia hekima, huifungua kwa dakika kumi baada ya kuchungulia dirishani.

Ziko shule Dar es Salaam, kama ile International School of Tanganyika iliyoanzishwa mwaka 1963, ambamo watoto wa mabalozi na wa matajiri hulelewa katika kile kiitwacho moyo wa kimataifa, nao hufundishwa kwa makusudi kuwa mtu mwingine, pamoja na tofauti zake, naye pia aweza kuwa na haki. Ni mafundisho mema, na ada yake wanaijua wanaoilipa. Jamaa yangu mmoja aliyehamia Leicester amenipelekea picha ya ukuta wa darasa la binti yake, neno la kukaribisha limeandikwa kwa lugha za watoto wote, na letu limo baina ya Kigujarati na Kipolandi. Mama mtu alilia alipoliona. Nikiwa Mkalama niliufikiri ukuta ule mara nyingi, nikiitazama ramani ya dunia yenye Madagaska iliyopinda. Dunia nzima ilikuwamo, na mito yake na bahari zake. Kilichokosekana ni neno moja tu la nyumbani kwa yeyote aliyeketi mbele yake. Na watoto hawa, bila ya ada wala mabalozi, wanavuka kabla ya saa moja ya asubuhi mipaka ambayo wale wengine huisoma vitabuni. Hatuhitaji kuwafunza kuwa dunia ina watu wa namna nyingi. Tunahitaji kuacha kuwafunza kusahau kuwa wanalijua hilo.

Jioni ile tulikula nje, uwele tena, na mama mzazi wa mkwe wangu akawahadithia wajukuu ngano ya sungura ambayo mimi niliifahamu nusu kwa mikono yake na nusu kwa vicheko vyao. Nikamkumbuka Mjerumani mmoja, Ludwig Kohl-Larsen, aliyezunguka nchi hii ya Ziwa Eyasi katika miaka ya 1930 akichimbua mifupa ya kale na kukusanya hadithi za Wanyisanzu na Wahadzabe, kisha akazichapa kwao Ujerumani, kwa Kijerumani. Huenda babu wa mmoja wa watoto waliokuwa pale motoni ndiye aliyemsimulia. Hadithi zimekaa katika maktaba za Ujerumani, zimepangwa na kuhesabiwa, mtoto wa huko akitaka aweza kuzisoma. Na shule iliyoko umbali wa kutupa jiwe kutoka kwa bibi huyu haina hata moja rafuni. Nilipomweleza mkwe wangu hakusema neno kwa muda. Halafu akauliza kama Wajerumani wale wangekubali kuwarudishia nakala.

Asubuhi ya kuondoka kwangu niliingia darasani mara ya mwisho. Lilikuwa somo la kuhesabu, na mwalimu, akijua kuwa nimo, au labda bila ya kujali, aliwaita watoto mbele mmoja mmoja wahesabu kuku waliochorwa ubaoni kwa lugha ya nyumbani. Mnyiramba alihesabu, wenziwe wakaitikia. Msichana wa Kibarbaig alihesabu akitazama chini, kisha, alipoona kuwa hakuna anayecheka, akainua kichwa. Mwisho akaitwa mvulana wa Kihadzabe, mdogo kuliko wote, aliyekuja shule mwaka ule ule. Wale walioichunguza lugha ya Wahadzabe wanasema kuwa hesabu za juu wameziazima kwa majirani, na ndivyo ilivyodhihiri: alipoanza, kwa lugha yake, darasa zima lilinyamaza kwa kustaajabu, alipoendelea kupanda, mtoto wa Kisukuma aliruka dawatini akapiga kelele kuwa hiyo ni yao, ameichukua kwao, mwingine akasema hapana, ni ya Kinyisanzu, bibi yake huisema hivyo hivyo, na mvulana, ambaye tangu Januari alikuwa hajapata kugombaniwa na mtu, akasimama mbele yao akiirudia ile hesabu polepole, kusudi kila upande usikie vizuri.

Mkwe wangu alinisindikiza hadi penye gari. Alisema ananuia kumwomba baba wa yule msichana wa Kibarbaig aje kuwafundisha watoto majina ya rangi za ng’ombe, kwani Wabarbaig wanayo mengi kuliko vitabu vyetu vyote. Nikamwuliza lini.

“Ijumaa, baba, alasiri,” akasema. “Jumatano mthibiti ubora wa shule anakuja. Siku hiyo tutahesabu kwa Kiswahili tu.”